Uyoga Unataka Kuona Mbingu

Muhuru Bay,
Jumapili, baada ya mvua

Omera Owiti,

Najua utacheka. Marwa wa Kehancha, fundi wa redio, mtu wa ng'ombe na tumbaku, amekaa dukani kwake na kalamu anamwandikia marehemu. Cheka tu. Ningeweza kuja kaburini nikasema nawe, lakini kila nikisimama pale nyuma ya nyumba ya mama yako, hakosi mtu wa kuja kunisalimia na kuniuliza kama simu yake imepona. Siwezi kukulilia huku najibu habari za chaji. Basi nakuandikia.

Owiti, nimepanda mashua yako.

Soma tena ukitaka. Nimeipanda, ikanipeleka mahali ambapo sikuona nchi kavu upande wowote, na ikanirudisha. Miaka yote uliniita mwoga mbele ya wachuuzi wa samaki, ukiniambia, "Mura, siku utapanda hii boti ndio utaona kwenu vizuri," nami nikikujibu kwamba kwetu naenda kwa barabara, asante. Ukaniita mura, kijana, kwa lugha yetu, mimi nikakuita omera, ndugu, kwa yenu, na mashua ikabaki mali yako na nchi kavu ikabaki mali yangu. Sasa umekufa na mimi nimepanda. Inaniuma kwamba hukuwepo kunicheka.

Lakini ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana mambo yalianza siku ya mazishi, na siku hiyo wewe ulikuwa umelala katikati ya watu usione kitu.

Presha ilikuchukua ukiwa kitandani, pale hospitali Migori. Hilo peke yake lilitushinda kulielewa. Ziwa lilikukosa mara nyingi, na kumbe kifo kilikuwa kinakusubiri kwenye shuka safi. Tulipokuleta nyumbani, wakubwa wa ukoo walimtaka Akoth avae koti lako mpaka matanga yatakapofungwa kabisa, kama wajane wa hapa walivyofanya tangu zamani. Akoth akakataa. Akasema kanisani kwake hawaruhusu, na kwamba uchungu wake hauhitaji sare. Unamjua mkeo. Ndugu yako Ouma akapandisha hasira, akasema mwanamke asiyevaa koti la mumewe anamtupa mumewe. Ilikuwa karibu iwe vita, na jeneza lako bado halijashuka.

Mama yako ndiye aliyewapatanisha. Alisema neno ambalo wewe ulikuwa umeshaniambia zamani nikadhani ni mzaha: kwamba mashua nayo ni mke. Ililetwa ufukweni kwa nyimbo na mbuzi akachinjwa, tena kabla Akoth hajaolewa. Ndiyo mke mkubwa. "Basi mkubwa avae," mama akasema, "mdogo mwacheni na kanisa lake."

Watu wakashusha pumzi. Ouma akalichukua lile koti lako la kijani, lile zito lililoshonewa pamba ndani, lenye kofia, akapanda nalo mashuani. Akalivalisha ule mlingoti wa chuma tulioufunga mimi na wewe. Mabega akayakalisha kwenye kile chuma cha kukingama, akafunga vifungo, na kofia akaivuta juu mpaka kileleni. Upepo ulipoingia kwenye mikono, Owiti, ulikuwa wewe. Ulikuwa umesimama mashuani unawaangalia watu wanaokuzika. Nililia kwa sauti mbele ya bichi nzima, mimi ambaye nilimzika baba yangu kwa macho makavu.

Unakumbuka kilichokuwa kileleni mwa mlingoti ule? Nakuuliza kwa sababu mimi nilisahau, na kusahau kwenyewe ndiko kulikonileta mpaka kwenye barua hii.

Kilikuwa kile kiuyoga cheupe, antena ya mashine ya GPS. Tuliinunua Homa Bay, kwa yule mzee wa vyombo vilivyotumika, na wewe ulikuwa na haraka ya kuiona ikikuonyesha ulipo. Tukaiunganisha na betri palepale gatini, gugumaji limejaa mpaka huwezi kuona maji, wasichana wa mandazi wamesimama kututazama. Mashine ikawaka ikatuambia tuko Ulaya. Ukaikasirikia. Ukasema, "Hii kitu bado inafikiri iko kwa tajiri wake wa kwanza." Nikakueleza kwamba imelala muda mrefu, inahitaji kutulia na kutafuta setilaiti zake juu, kama mgeni anayeamka usingizini asijue yuko nyumba gani. Tukala mandazi tukaingoja. Ilipopata, ukapiga kelele ukawaonyesha wasichana: "Ona! Ni mimi huyo!" Ulikuwa kialama cheusi kidogo juu ya kioo. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahia alama namna ile.

Kisha ukaingiza alama ya nyumbani mwenyewe, hukutaka nikusaidie, ukaiweka kaskazini ya ikweta badala ya kusini. Mashine ikawa inakuelekeza Uganda kila ukitaka kurudi kwa Akoth. Wiki nzima bichi walikuita Muganda.

Na mvua ya kwanza ilipokuja, ukahurumia uyoga ukaufunika na sufuria. Ukaja dukani unalalamika mashine imekufa. Nilikuja, nikaiona ile sufuria kichwani mwa mlingoti, nikakugombeza kama mtoto. Nikakwambia maneno ambayo ulikuwa ukiyarudia kila mahali kunikejeli, mpaka watoto wa bichi wakayajua: "Uyoga unataka kuona mbingu!" Mtu akichelewa kukupisha njiani, uyoga unataka kuona mbingu. Akoth akisimama mbele ya redio wakati wa mpira, uyoga unataka kuona mbingu.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Baada ya mazishi mashua ilikaa mchangani. Ouma akasema itafutiwe mnunuzi, au yeye aichukue aiendeshe. Akoth akasema hapana, ataiendesha yeye. Hebu fikiria kelele zilizotoka hapo. Mwanamke kuwa na mashua si jambo jipya, wako wengi wanaozimiliki na kungoja samaki ufukweni, lakini mwanamke kuketi ndani yake na kwenda kutegua nyavu, huko ndiko wazee walikoona ni mbali mno. Kamati ya bichi wakajadili mpaka wakachoka. Mwishowe wakasema na ajaribu, atoke na Okello, yule kijana wako wa injini, mashua yenyewe itasema kama inamkubali.

Na mashua, omera, ikaonekana kusema hapana.

Safari ya kwanza walitoka vizuri, wakafika majini, mashine ikapoteza setilaiti. Kioo kinawaka, saa inakwenda, lakini haijui iko wapi. Okello akarudi kwa kuangalia vilima. Nikaja mchana, nikaiwasha, ikapata kila kitu. Nikasafisha vichwa vya betri nikaondoka. Safari iliyofuata ikazima tena, na siku hiyo walikosa alama ya nyavu, wakazunguka, na walipoona kilima wakajikuta wamevuka kwenda upande wa Tanzania. Kule majini hakuna ukuta wala kibao, unajua mwenyewe, mstari uko ndani ya ile mashine tu. Wangekutana na doria wangepoteza mashua, nyavu na injini, na pengine wangelala ndani. Walirudi mbio bila samaki hata mmoja.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wachuuzi walisema, "Boti imemkataa huyu mama." Wengine wakasema ni wewe, kwamba unamwonea wivu, kwamba hutaki mkono wa mwanamke kwenye nyavu zako. Ouma hakupiga kelele tena, na huo ndio uliokuwa ubaya. Alisema kwa upole tu: "Ikimrudisha tena mikono mitupu, naichukua. Ndugu yangu ameshaongea." Kamati wakatikisa vichwa, wakakubali.

Akoth alikuja dukani akaketi kwenye kile kiti chako cha plastiki kilichovunjika mkono. Hakulia. Aliniambia, "Shemeji, hii kitu ni nyinyi wawili mliiweka. Mmoja amelala. Iambie inisikie." Watoto wako wanne wanakula kwenye mashua ile, na yeye hana shamba. Ikienda kwa Ouma, atabaki kungoja samaki kwenye mlango wa shemeji yake kama mgeni.

Nikaishambulia mashine. Nilibadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa. Nilikata kichwa cha waya wa antena, nikakuta kutu kidogo, nikafurahi nikadhani nimemkamata mwizi, nikalehemu upya. Nilipima waya mzima kwa mita. Nilimkataza Okello kuchaji simu kwenye betri ile. Niliingia kwenye mipangilio nikarudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani, nikaingiza nyumbani upya, kusini ya ikweta, usijali. Na kila mara, pale mchangani, jua la kiangazi linawaka, mashine inanionyesha setilaiti zake safi kabisa. Vijistari vyake vya kuonyesha nguvu ya setilaiti vilikuwa vifupi kidogo kuliko zamani, nikaona lakini sikujali. Ilikuwa kama mtoto anayeunguzwa na homa usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheza.

Nilimweleza Akoth hivyo. Akanitazama, akasema, "Basi twende nayo uione ikiugua."

Nilijua atasema hivyo. Nilikuwa nimeliogopa neno hilo tangu safari ya kwanza. Nilimwambia nina simu nyingi za watu, hakuondoka. Nikamwambia mgongo unaniuma, akabaki palepale. Mwishowe nikaliangalia koti lako kule kwenye mlingoti, limesimama linanitazama, nikaona haya.

Tulitoka alfajiri. Sitakueleza namna nilivyopanda, Okello ameshawaeleza watu wa kutosha. Nilivaa jaketi mbili za kuelea, moja juu ya nyingine. Nilikaa sakafuni katikati ya nyavu, nimeshika ubao kwa mikono yote, na kila wimbi lilipotupiga nilimwita Mungu wa kanisani na wa mababu zangu bila kubagua. Nilitapika chai yote. Akoth alikuwa ameketi mbele ya mashine, mgongo wima, kanga imelowa, meno yanagongana kwa baridi, na hakuniangalia hata mara moja ili asinitie aibu. Ni ungwana huo. Wewe ungenipiga picha.

Mashine ilikuwa nzima. Tukaenda. Maji yakawa yanaruka juu ya ubavu wa mashua, yanatumwagikia, na kisha mvua ya manyunyu ikashuka ikafuta vilima vyote. Pande zote kijivu. Na hapo, mbele ya macho yangu, vile vijistari vikaanza kupungua. Kimoja, kingine, vyote. Mashine ikaandika kwamba haioni setilaiti.

Okello akazima injini. Mashua ikawa inaelea tu. Hatukujua nyavu ziko wapi, hatukujua mstari uko wapi, wala kama tumeshauvuka. Okello akasema polepole, si kwa ubaya, "Mama, turudi. Mzee amekataa." Na Akoth, Owiti, Akoth aliyesimama mbele ya ukoo mzima bila kutetemeka, akainamisha kichwa. Nikaona amekubali. Nikaona ameamini kwamba ni wewe.

Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nakwambia ukweli. Nikainua uso kuliangalia koti lako nikutukane.

Lilikuwa limelowa chapachapa. Pamba yake imenywa maji mpaka limevimba, mikono imening'inia inachuruzika, na ile kofia imelala nzito juu ya kichwa cha mlingoti, imekifunika mpaka shingoni. Nililiangalia. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kofia mpaka kwenye paji la uso wangu. Na maneno yakaja kwa sauti yako, si yangu, kwa ile kejeli yako: uyoga unataka kuona mbingu.

Mungu wangu. Miezi yote hiyo lilikuwa pale juu, na mimi nimepima kila kitu isipokuwa wewe. Mchangani lilikuwa kavu, na kitambaa kikavu hakiizuii antena kuona. Likilowa linakuwa ukuta wa maji, mzito kuliko sufuria. Wakirudi, jua linalikausha, ndipo fundi anakuja na mita yake anasema hakuna kosa. Hakuna aliyelishuku, kwa sababu hakuna mtu anayelishuku koti la marehemu.

Nilisimama. Ndiyo, nilisimama katika mashua, majini. Nikashika mlingoti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikainua kofia juu kidogo. Sikuivua, mimi si wa ukoo, sina haki hiyo. Niliinua tu. Nikamwambia Akoth aangalie kioo. Vijistari vikarudi. Nikaishusha kofia, baada ya muda vikaondoka. Nikainua tena.

Akoth aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akaliangalia koti. Akasema, "Kumbe hajakataa. Kumbe amefunikwa tu." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kile ambacho hakukitoa siku ya mazishi, na mimi nimesimama pale kama mlingoti wa pili nimeshikilia kofia yako, nalia naye, na Okello ametugeuzia mgongo anajifanya anaangalia injini.

Hakuna aliyemwambia Akoth la kufanya. Aliinuka, akaja, akafungua vifungo kimoja kimoja kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akalivua koti lako taratibu, kama mtu anavyomvua mgonjwa. Akalikamua. Akalishika mbele yake kwa muda. Kisha, Owiti, akalivaa.

Yule aliyewakatalia wazee. Alilivaa likiwa limelowa, mikono ikamzidi, akaikunja, akaketi tena mbele ya mashine. Akasema, "Nilikuwa nasikia baridi." Okello akawasha injini.

Mashine ilituonyesha tuko upande wetu, ila pembeni kabisa. Tukazifuata alama zako mpaka kwenye nyavu. Zilikuwa na samaki, mbuta, si wengi wa kuimbiwa, ila wa kutosha mtu kurudi nao akiwa ameinua kichwa. Na tulipokuwa tunategua, manyunyu yakakatika, hewa ikawa safi, Okello akanigusa bega akanionyesha mashariki. Mbali sana, juu ya vilima vya hapa, kulikuwa na mstari wa bluu. Ni kwetu. Ni milima ya Kuria. Sikujua inaonekana kutoka majini. Ulinialika miaka yote hiyo, nikadhani unanitania.

Ouma alikuwa amesimama ufukweni na watu wa kamati. Aliona mlingoti uko uchi, akakunja uso. Kisha akamwona Akoth amelivaa. Aliingia majini mpaka magotini na viatu vyake, akaipokea kamba mkononi mwa shemeji yake, akaivuta mashua mchangani. Jioni alikuja dukani akaniuliza kosa lilikuwa nini. Nilimwambia. Akauliza, "Kwa hivyo ni mimi nilimziba macho?" Nikamwambia hapana, ni sisi sote, tulimpenda vibaya kidogo. Akaketi kwenye kiti chako mpaka nikafunga duka.

Hayo ndiyo yaliyobadilika, omera. Mashua iko kwa Akoth. Mama yako anasema mke mkubwa amemkabidhi mdogo koti, basi imekwisha, na kanisani hakuna aliyeuliza habari za koti, kwa sababu mtu akisikia baridi anavaa. Namfundisha kuingiza alama, na ana akili kukushinda, hajatuma mtu Uganda.

Lala sasa. Nimekuwa nikikutunza juu ya ule mlingoti kwa sababu sikutaka ushuke, na nadhani wengine pia. Umeshuka, na mikono ya anayekuvaa unaijua.

Nakuahidi jambo moja, na si dogo kwa mtu kama mimi. Mashine ile ikizima tena, sitamwambia Akoth ailete dukani. Nitavaa jaketi zangu mbili, nitatapika chai yangu, nitapanda. Na nikifika kule katikati nitageuka mashariki nitazame kwetu, kama ulivyonialika.

Ni mimi, mura wako,
Marwa